Mtamba wa babu yako

Mwanangu,

Umeniuliza kama kuna ubaya mtu mzima kula kile kiperemende cha bangi Jumamosi usiku, maana huko Toronto bangi ni halali tangu 2018, ya kuliwa tangu 2019, na hiyo miaka 19 wanayodai uliipita zamani. Picha ya pakiti nimeiona. Miligramu 10 za THC, yaani kile kinacholevya, ndiyo mwisho kwa pakiti nzima, na anayeanza hukata robo, akangoja. Ya kuliwa haipandi upesi kama moshi. Yaweza kuchukua hata saa mbili, na wenye haraka huongeza kingine, halafu vyote vikawashukia pamoja. Gari usiguse siku hiyo.

Lakini picha hiyo imenikumbusha Baba Mdogo wako. Unajua alikamatwa soko la Kibuye, Kisumu, kilichouzwa hujui. Alikuwa na msokoto mmoja ndani ya kiberiti, basi. Sheria ya Kenya ya 1994 ingeweza kumfunga miaka 10 kwa bangi ya kuvuta mwenyewe. Akapigwa faini, na Babu akamtoa yule mtamba mweusi mwenye doa kwenye paji. Mtamba huyo alikuwa karo. Shangazi yako alikuwa na barua ya chuo cha ualimu mkononi, ameikunja mara nne, akasimama kwenye lango la boma akimtazama dalali akivuta kamba. Hakusema neno. Mpaka leo anauza omena, na hesabu anakupigia kichwani kabla hujatoa simu mfukoni. Ule ulikuwa ubongo wa mwalimu, mwanangu.

Nimewaambia tangu mko wadogo: starehe ni yako, deni lisiwe la mwingine.

Utasema kosa ni la sheria, si la msokoto. Pengine. Chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, iliruhusiwa 2010, nayo ikitiwa sumu huua na kupofusha. Na kusema kweli Baba Mdogo hakumgusa mtu. Alivuta jioni, asubuhi akachonga mitumbwi, na mitumbwi yake haikuvuja. Sasa nimlaumu kwa lipi? Lakini alijua askari wanazunguka sokoni! Alijua, akabeba. Hapo ndipo huwa nashindwa kumtetea, hata mbele ya mama yako.

Usinilazimishe kusema ule au usile. Ulimi unaniwasha, ila unakula mshahara wako. Nakuuliza tu: ukizimika Jumamosi hiyo, mtoto akiamka usiku anaamkia nani? Na hizo peremende umeziweka wapi, yeye akiziona si ni tamtam kama nyingine? Starehe ni yako, nimeshasema.

Ukija Disemba usibebe hata moja. Kuivusha mpaka ni kosa huko huko Kanada, na hapa kwetu, tangu sheria irekebishwe 2022, hata ya kutumia mwenyewe ni faini hadi shilingi 100,000 au jela hadi miaka mitano. Kagua na mifuko ya jaketi.

Baba yako