Mgeni kaniita "chatterbox". Nimetukanwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu. Juzi nilimpeleka Ngorongoro mzee mmoja Mwingereza na mkewe. Wakati wa kuondoka wakaandika kwenye kitabu cha wageni: "Our driver was a lovely chatterbox." Mwenzangu ofisini anasema hilo ni tusi, maana yake mropokaji. Sasa bosi ananiita. Na bahashishi walinipa nzuri tu! Nijitetee vipi?
Dereva, Karatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mropokaji ni mtu anayetoa lisilofaa kutolewa. Wewe, kwa ninavyoelewa, ulikuwa unaeleza habari za faru.

"Chatterbox" ni mtu wa maneno mengi, hilo halina ubishi. Lakini Waingereza hulitamka huku wanatabasamu, na mara nyingi wanamwambia mtoto. Nimefundisha Kiingereza Tanga hadi kustaafu, na sikupata kuona darasa lisilo na chiriku wake: unamhamishia dawati la mbele, peke yake, na bado anapata wa kuongea naye. Huyo ndiye chatterbox. Unamkemea na unampenda. Lingekuwa tusi, wasingelipa jina hilo gazeti la watoto lililoanza kutoka kila wiki huko kwao mwaka 1866.

Kumwita hivyo mtu mzima, mwenye leseni na familia, ni utani kidogo. Nalo si neno la wanawake tu, kama wengine wanavyodhani. Francis Grose, aliyechapisha kamusi ya lugha ya mitaani jijini London mwaka 1785, aliliweka wazi kuwa ni la mwanamume au mwanamke ambaye ulimi wake haupumziki. (Kamusi hiyohiyo inaiita chai "chatter broth", yaani supu ya porojo. Vijiwe vyetu vya kahawa sijui angeviitaje.)

Yapo maneno ambayo yangenifanya nikuhurumie. "Gasbag" ni mfuko wa gesi, ule wa kurushia maputo ya angani. Ukiitwa hivyo, maneno yako ni mengi na ndani hamna kitu. "Windbag" ni nduguye, nalo huwaangukia sana wanasiasa. "Blabbermouth" ndilo baya kuliko yote kwa mtu wa kazi yako, kwa sababu ni domokaya, mtu asiyetunza siri za watu. Mgeni akiandika hilo, bosi ana haki ya kukuita.

Halafu tazama neno lililotangulia: "lovely". Kwa Mwingereza hiyo ni sifa ya mtu aliyempendeza. Na nikuambie jambo ambalo vitabu vya sarufi havifundishi: Mwingereza aliyechoshwa na maneno yako mara nyingi hakupachiki jina lolote. Anashukuru kwa adabu, anaandika kwamba unajua mambo mengi sana, na bahashishi inakuwa nyembamba.

Kwa bosi nenda na kitabu chenyewe, asome sentensi nzima, si neno moja lililonyofolewa. Kama bado ana wasiwasi, mwambie kwamba gari likisimama karibu na simba unazima injini na mdomo. Kama huwa hufanyi hivyo, anza kesho.

Mwenzako msalimie. Akikuletea "gasbag" kwenye kitabu hicho, ndipo uniandikie tena.