Gari dogo la mtumba lenye raha ya usukani

Ndugu yangu, nimekuelewa: kila siku unatoka Mbezi hadi Posta, fedha zako ni za gari dogo la mtumba, ila hutaki gari la kukufikisha tu, unataka litakalokufanya ufurahie usukani.

Kwa uzoefu wangu, anza na Toyota Vitz RS ya kati ya 2005 na 2010, yenye gia za mkono. Injini yake ya lita 1.5, yaani 1NZ-FE, ndiyo hiyohiyo iliyomo katika IST na Probox nyingi, kwa hiyo mafundi wanaijua na vipuri havisumbui. Suzuki Swift Sport ya lita 1.6 ni tamu zaidi kwenye kona, nakiri, lakini vipuri vyake huenda ukavisubiri.

Usikubali kukuta injini imeshawashwa. Niliwahi kununua gari ambalo muuzaji alilipasha moto kabla sijafika, na moshi wa buluu, dalili ya kuunguza oili, nikauona asubuhi iliyofuata nyumbani kwangu. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili, achana nalo. Ukiwa gia ya nne kwa mwendo wa wastani, kanyaga mafuta. Injini ikinguruma bila gari kuongeza kasi, klachi imekwisha.

Kabla ya kulipa, tafuta fundi asiyemjua muuzaji alikague gari likiwa limeinuliwa, na hakikisha namba ya chasisi inalingana na ya kwenye kadi. Jina la kwenye kadi likiwa si la muuzaji, usitoe hata senti mpaka mwenye gari ajitokeze mwenyewe.