Mamografia safi ila biopsi ya kwapa inasema saratani

Umeuliza kama madaktari wamekosea, maana mamografia (picha ya eksirei ya matiti) ya dada yako ni safi ila biopsi (kipande kilichokatwa kupimwa) ya kwapa inasema saratani. Hapana, hawajakosea. Saratani iliyoshasambaa halafu ilipoanzia hapaonekani ipo kabisa, ni kama asilimia 2 mpaka 5 ya saratani zote, na mwanamke akiwa na adenokasinoma (saratani inayoanzia kwenye seli zinazotoa majimaji kama ute au maziwa) kwenye tezi za kwapa peke yake anatibiwa kama mgonjwa wa saratani ya titi hata mamografia ikiwa safi, na matumaini yake yanakaribiana na ya mwenye saratani ya titi iliyofika kwenye tezi, yaani wapo wanaopona. Mi nipo maabara ya patholojia, hivi vipande vinatufikia, kwa hiyo mwambie dada yako aulize kama hicho kipande kimepimwa vipokezi vya homoni (ER na PR) pamoja na HER2 (protini inayochochea saratani kukua), na kama MRI (picha ya kutumia sumaku) ya matiti imefanyika maana mara nyingi inaona kauvimbe kadogo ambako mamografia imekapita.

Hao wanaomtisha kwenye maoni mengine wanaongelea ile saratani isiyoonekana chanzo inayokutwa imeshaenea kwenye ini au sehemu nyingi, hiyo kweli ni ngumu, wengi hawamalizi mwaka, na hapo daktari anaangalia sana mgonjwa ana nguvu kiasi gani, anajihudumia mwenyewe au la, na kipimo cha damu cha LDH (kimeng'enya kinachopanda seli zikiharibika), kikiwa juu si dalili nzuri. Yake si hiyo, kama CT (picha za ndani ya mwili) haijaonyesha kitu kingine. Tafadhali asikae nyumbani kusubiri chanzo kionekane, matibabu yanaanza hata kisipoonekana.