Shokapu za nyuma hazipimwi kwa macho

Maswali ya wiki hii ni ya shokapu za nyuma, na karibu yote yana kasoro moja: muulizaji hasemi ana kilo ngapi wala anabeba nini. Pikipiki hurekebishwa kufuata uzito wa anayeipanda. Bila uzito huo, jibu lolote ni ramli.

SWALI: Kaka fundi, nikipita tuta na abiria nyuma inagonga chini. Kijiweni wananiambia nikaze shokapu mpaka mwisho. Ni sawa? (Msomaji, Mbagala)

Futi kamba ndiyo itakayoamua, si kijiwe. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, tairi la nyuma lining'inie. Pima kuanzia katikati ya nati ya ekseli kupanda moja kwa moja hadi alama utakayoiweka ubavuni, chini ya siti. Andika. Kisha itoe kwenye stendi, upande wewe na abiria wa uzito unaoubeba kila siku, miguu juu, mwenzenu ashike usukani. Dundisheni siti mara mbili tatu, itulie, mtu mwingine apime tena palepale. Ile tofauti ndiyo kiasi nyuma ilichozama. Kama tairi lina nafasi ya kupanda na kushuka milimita 100, izame kati ya 25 na 35. Ikizidi hapo, zungusha kikombe kinachokaliwa na springi hatua moja ya kukaza, shokapu ya kulia na ya kushoto sawasawa, upime upya.

Watu wengi wanadhani kukaza kunaifanya springi kuwa ngumu. Springi ni ileile. Unachofanya ni kuinua nyuma ili ibaki nafasi ya kuzama. Ukiwa hatua ya mwisho na bado inazama milimita 50, springi imechoka au mzigo umezidi. Na ukiiacha hatua ya mwisho kisha ukarudi nyumbani peke yako, tairi litarukaruka kwenye rasta za barabarani, na tairi lililo hewani halishiki breki. Kwa hiyo jioni ukimaliza kazi, rudisha hatua. Ni kazi ya dakika chache ukiwa na ile spana ya ndoano inayokuja na pikipiki. Nyundo na patasi zinamega vikombe, na kikombe kilichomegeka hakishiki hatua tena. Fundi akishika patasi, mzuie.

SWALI: Shokapu gani ni nzuri sokoni? (Wasomaji kadhaa)

Sitalijibu tena swali hili likija hivi. Niandikieni aina ya pikipiki, uzito wenu, mzigo na barabara mnayopita.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nabeba mkaa, magunia mawili ya lumbesa. Fundi amenipachikia vipande vya mpira katikati ya springi, na kweli haizami tena. Kuna madhara? (Msomaji, Handeni)

Marahaba. Madhara yapo, na makubwa. Kipande cha mpira kinaifunga mizunguko miwili mitatu ya springi, hiyo iliyobaki inafanya kazi ya yote, na hapo ndipo inapokatikia. Kabla haijakatika, kila kishindo ambacho springi haikukimeza kinakwenda kwenye bolti za shokapu, kwenye fremu na kwenye spoku. Halafu angalia magunia yako yanakaa wapi: nyuma kabisa ya ekseli, kwenye keria. Mzigo wa hapo unabinua pikipiki, tairi la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mlima usukani haukutii. Usiku taa yako inapanda juu na kumpofusha anayekuja mbele yako.

Toa mipira leo. Beba gunia moja, lisogeze mbele ligusane na mgongo wako, kisha pima nilivyomweleza msomaji wa Mbagala. Najua mzigo mdogo ni hela ndogo, na bosi anataka hesabu yake. Lakini springi ikikatika kwenye mteremko na magunia mgongoni, hakuna hesabu itakayolipwa.

Hili hukuniuliza, ila nalisema kwa wote: mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ni lumbesa ileile. Sheria inaruhusu abiria mmoja. Kuna madereva wanakaza shokapu asubuhi ili wabebe watoto watatu wa shule kwa mpigo. Shokapu haikuwekwa kwa kazi hiyo, na hao ni watoto wa watu.

SWALI: Tangu nikaze shokapu cheni inalia. Vinahusiana? (Msomaji, Kahama)

Vinahusiana. Nyuma ikizama au ikipanda, ekseli inasogea na cheni inabadilika: inakaza zaidi pale sproketi ya mbele, mhimili wa mkono wa nyuma (ule unaoshika tairi la nyuma) na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ukigusa shokapu, kagua cheni upya mtu akiwa ameketi juu. Ukiikaza pikipiki ikiwa tupu kwenye stendi, ukipakia inavutika na kula beringi.

SWALI: Shokapu moja inavuja mafuta ila springi ni nzima. Niendelee nayo?

Hapana. Springi inabeba, mafuta ndiyo yanayoituliza. Kandamiza siti kwa nguvu uachie: ikipanda na kutulia, sawa, ikiendelea kudunda, shokapu imekufa. Badilisha zote mbili kwa pamoja.

SWALI: Kuna fundi anachomelea mitungi ya shokapu za gesi. Nimpe?

Usimpe, na usisimame karibu. Ile gesi imejazwa kwa mgandamizo mkubwa.

SWALI: Mimi ni dada wa kilo 50, miguu haifiki chini vizuri. Naweza kufunga shokapu fupi? (Msomaji, Iringa)

Dada yangu, usifunge fupi. Tairi litafika kwenye madigadi ukipita shimo, na stendi ya pembeni itakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, pikipiki isimame wima na kuanguka. Anza kwa kushusha springi hadi hatua ya kwanza. Kwa kilo zako huenda ndiyo hatua yako halali, maana zilizokazwa dukani zinamfaa mzito kuliko wewe. Pima. Ikizama kati ya 25 na 35, iache hapo. Kama miguu bado haifiki, nenda kwa fundi wa viti apunguze sponji sentimita mbili tatu sehemu ya mbele unapokalia, akuketishe kwanza kabla hajashona.