Nakshi Ina Mwenyewe

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Wauliza kama uendelee na hiyo zentangle yako, kujaza daftari nakshi kila usiku kabla ya kulala, au uache kwa kuwa mwenzako kazini amekwambia ni mchezo wa watoto. Picha ulizotuma nimezitazama. Ile ya mistari inayopishana kama makuti naipenda. Ile ya miduara umeibana mno.

Nimeelewa wale Wamarekani, Rick Roberts na Maria Thomas, walivyoipanga: kikaratasi cha sentimita 9 hivi kila upande, nukta kwenye kila pembe, fremu ya kuziunga, kisha mstari wa penseli wa kukigawa vyumba vyumba, na kalamu nyeusi ijaze kila chumba kwa nakshi yake. Kifutio marufuku. Hapo niliwakubali, maana mimi nimekulisheni kwa hina, kazi isiyo na kifutio.

Lakini watoto au wakubwa, hilo si neno. La kuuliza ni hiyo nakshi ya nani. Nakshi ina mwenyewe, nimewaambia tangu mko wadogo. Kofia za vito alizoshona babu yako barazani, kila moja ilikuwa na kichwa kinachoingoja.

Wakumbuka harusi ile ya Langoni? Wewe ndiwe uliyenishikia bakuli la hina. Mkono wa kulia wa bibi harusi nilikuwa nimeumaliza, majani yamepanda toka kifundo hadi ncha ya kidole cha shahada. Wa kushoto ulikuwa na kovu, nikayapindisha majani yalizunguke, na wallahi ulipendeza kuliko wa kulia. Shangazi yake akaja na picha kwenye simu, akasema mikono haifanani. Hakuniuliza kitu. Alichukua kitambaa akafuta hina mbichi mbele ya wanawake wote. Nikachora upya kwa kufuata picha, nikapokea pesa yangu, nikanyamaza. Rangi ya chungwa ya majani yangu ilikuwa imeshaingia, ikawa inachungulia chini ya maua ya yule shangazi. Bibi harusi aliiona. Mpaka leo nikikutana na shangazi yule sokoni namwamkia, lakini mkono simpi.

Daftari lako halina shangazi wa kulifuta. Nalionea wivu, sikufichi. Ila halina kiganja pia, na kazi isiyongojewa na mtu hulegea. Nasema hivyo, kisha nikikaa dukani hakuna mteja najikuta nimejaza majani nyuma ya daftari la madeni, na sijui ni ya nani. Baba yako aliyaona akacheka. Nikamwambia najaribu kalamu. Pengine mwenyewe ni yule aliyeishika. Pengine. Lakini mbona basi ukanitumia picha mimi?

Uache au uendelee: jibu ninalo, limenikaa mdomoni tangu asubuhi. Nikilitoa utasema Mama ameshaamua tena, kama mambo yale ya chuo. Silitoi. Ila huyo mwenzako usimpe daftari alishike.

Ukija Idi niletee kalamu mbili za wino usiochuja, nyembamba. Hizi za hapa zinapenya mpaka upande wa pili, na huko ndiko kuna hesabu za watu.

Mama yako