Barua kwa Binti Yangu Anayetaka Kubeti Wimbledon

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ile sauti uliyonirekodia nimeisikiliza yote, na nimeona heri nikujibu kwa maandishi, maana mambo ya hesabu hayakai vizuri kwenye simu. Umeniuliza hivi: Wimbledon inakaribia, una shilingi 30,000 ulizojiwekea, na unataka kuzizungusha kwa kubeti mechi za tenisi kwa zile wiki mbili. Unasema tenisi si kandanda. Hakuna sare, uwanjani ni watu wawili tu, na mkali takriban kila siku humtoa mnyonge. Basi wataka kujua mamako anaona kasoro iko wapi.

Dini hukuniuliza, nami sitakuhubiria. Aya ya 90 ya Suratul Maida uliisoma chuoni ungali mdogo, na kamari imetajwa mle pamoja na ulevi. Hakuna aliyekuficha. Ulichouliza ni kama hesabu inaingia, basi nitakujibu kama karani. Hiyo ndiyo kazi iliyokusomesha: kupitia makaratasi ya mizigo ya watu pale Kilindini na kutafuta shilingi imetorokea wapi.

Kwanza nikupe haki yako. Ulichokiona kwenye tenisi, hasa haya mashindano makubwa manne, ni kweli. Wanaume pale hucheza kutafuta seti, yaani vipande vya mechi, tatu kati ya tano, na mechi ndefu humbeba mwenye uwezo. Chukua mchezaji ambaye humshinda mwenzake seti 6 katika kila 10. Wakicheza za kutafuta seti mbili kati ya tatu, atashinda mechi kama 65 katika 100. Wakicheza za tatu kati ya tano, atashinda kama 68. Siku mbaya ya mkali inapata muda wa kugeuka. Ila wanawake hucheza za mbili kati ya tatu hata Wimbledon, na wewe mechi unazozipenda ni za wanawake, kwa hiyo nusu ya hoja yako imeshaanguka kabla sijaigusa.

Lakini nikuulize: hilo umeliona wewe peke yako? Wale wanaopanga odi, yaani bei ambayo dau lako huzidishwa kwayo ukishinda, nao wanaangalia tenisi, tena kwa kompyuta na watu wa kulipwa. Kila unachokijua kuhusu hao wakali wako wa kike, Swiatek au Sabalenka, kimeshaingia kwenye bei kabla hujafungua simu. Kutokuwepo sare kumekupunguzia jibu moja la kukosea, na kampuni ya kubeti nayo imepunguza malipo kwa kiasi hichohicho. Hawakukupa zawadi.

Angalia mechi ambayo wachezaji wanalingana kabisa. Kama bei ingekuwa ya haki, kila mmoja angepewa odi ya 2.00. Utakuta wameandikwa 1.90 na 1.90. Weka 100 kwa huyu na 100 kwa yule. Umetoa 200, na yeyote atakayeshinda unarudishiwa 190. Shilingi 10 zimekwenda wapi? Kampuni ni kama dalali wa nyumba anayekula kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba. Nani anahamia si shughuli yake. Ndiyo maana haijali mchezaji kama Alcaraz akishinda au akitolewa, wakati wewe roho iko juu.

Sasa hao wakali wako. Raundi ya kwanza mkali atawekewa odi ya 1.10, pengine hata chini ya hapo. Ukiweka 100, akishinda unapata 10. Akishindwa, 100 zote zimekwenda. Kwa hiyo ushinde mara 10 kwa kila mara 1 unayopoteza ndipo utoke bila faida wala hasara. Hapo ndipo ilipojificha hiyo sare unayosema tenisi haina.

Utaniambia, nitaunganisha. Najua, mkeka: mechi kadhaa kwa dau moja, na zote lazima zipite. Vijana wote wa hapa Majengo wanasuka mikeka kuliko bibi zao. Basi weka mechi kumi za odi 1.10 kwenye mkeka mmoja, na dau la 1,000 litaonyesha malipo ya 2,593. Inavutia. Chukulia kila mmoja katika hao kumi ana nafasi 90 katika 100 za kushinda, na huyo ni mkali wa kweli. Nafasi ya wote kumi kupita kwa pamoja si 90 tena, inashuka hadi 35. Ili hesabu ilingane tu, bila ya faida, ungehitaji karibu 39. Hizo nne zinazopungua ndizo wanazojengea maghorofa. Na kila mechi unayoongeza kwenye mkeka inaongeza sehemu yao, kwa hiyo usishangae wakikupa bonasi ukiweka mechi nyingi.

Halafu kuna serikali, ambayo nyote mnaisahau. Tangu Julai 2025, asilimia 5 hukatwa unapoingiza pesa kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 nyingine unapozitoa. Ingiza hizo 30,000, beti wiki mbili nzima, na tuseme umetoka vilevile, hukupata wala hukukosa. Ukizitoa zitakurudia 27,000 na kitu. Karibu 3,000 zimeondoka na hakuna aliyekushinda. Ni kodi ya chumba cha mtu hapa mjini hiyo.

Hayo yote ni kwa kuchukulia kwamba mkali anafanya ukali wake. Wimbledon ya 2025 uliiangalia kwenye TV ya pale mapokezi ya hoteli yenu, ukanipigia simu unacheka. Kati ya wale 32 wa kila upande, wanaopewa namba na kutenganishwa kwenye droo wasikutane mapema, wakali wako haswa, 23 walitolewa raundi ya kwanza: wanaume 13 na wanawake 10. Coco Gauff alikuwa namba mbili, na wiki chache tu nyuma alikuwa ametwaa ubingwa wa Roland Garros kule Paris. Akatolewa na Dayana Yastremska kwa seti mbili kavu. Jessica Pegula, namba tatu, akaondoka. Zverev, namba tatu wa wanaume, naye akaondoka. Wimbledon huchezwa kwenye nyasi, na nyasi ni ngeni kwa wengi wao, msimu wake ni wiki chache tu, na mwenye kutoka kwenye udongo mwekundu wa Paris hana siku za kutosha kuzoea. Mkeka wa mechi kumi wiki ile ungekuwa vipande vipande kufikia Jumanne jioni.

Na kuna jambo la mchezo huu ambalo kandanda haina. Timu ina watu kumi na mmoja na wengine benchi. Tenisi ni mwili mmoja. Mwaka huohuo, raundi ya nne, Grigor Dimitrov alikuwa amemchukulia Jannik Sinner, namba moja wa dunia, seti mbili. Ya tatu wakiwa 2-2, Dimitrov akashika kifua, msuli umemchanika, na mechi ikaishia hapo. Sinner akapita akiwa nyuma kwa seti mbili, na kombe akaenda kulichukua yeye. Aliyekuwa na dau kwa Dimitrov alichagua sawasawa, akaona sawasawa, na hakupata kitu. Tena angalia masharti: kampuni nyingine hurudisha dau mechi isipomalizika, nyingine humlipa aliyepita alimradi seti ya kwanza imekwisha. Yameandikwa kwa herufi za sisimizi, na sidhani kama umeyasoma. Kabla ya hapo, US Open ya 2020, yale mashindano makubwa ya Marekani, Djokovic alifukuzwa mashindanoni raundi ya nne kwa sababu alipiga mpira kwa hasira bila kuangalia, ukampata mwamuzi wa mstari kooni. Hebu niambie hiyo ungeipigia hesabu vipi.

Lakini linalonitia wasiwasi zaidi, na hukulitaja ila nimelisikia kwenye sauti yako, ni kubeti mechi ikiendelea. Ulisema ukiangalia "unahisi" gemu, kile kipande kidogo cha seti, inakwenda kwa nani. Roger Federer alihutubia wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani, Juni 2024, akawaeleza kwamba katika mechi 1,526 za maisha yake alishinda karibu asilimia 80. Na pointi je? Asilimia 54 tu. Federer huyo! Ikiwa bingwa kama yeye kwenye pointi moja moja alikuwa kidogo tu juu ya nusu, wewe uliyekaa Diani unahisi nini? Isitoshe picha unayoiona imechelewa. Kutoka uwanjani hadi kwenye TV yenu kuna sekunde kadhaa, na kwenye simu huwa zaidi. Kampuni inapokea matokeo ya pointi moja kwa moja kutoka uwanjani. Unapobonyeza, wao wameshaona. Kuna watu walikuwa wakitumwa kukaa viwanjani na simu mfukoni ili wapeleke pointi mbele ya mtambo rasmi, na viwanja vikawa vinawatoa nje. Watu hawahangaiki hivyo kwa ajili ya sekunde mbili kama sekunde mbili hazina thamani.

Na saa zenyewe ziangalie. Mechi za viwanja vya pembeni huanza saa saba mchana kwa saa zetu, uwanja mkuu saa tisa na nusu, na wanaweza kuendelea mpaka saa saba usiku. Hiyo ni zamu yako yote ya mapokezi, na usingizi wako pia. Mgeni amesimama na pasipoti mkononi, wewe macho yako kwa nani anaanzisha mpira.

Tuseme umepita salama. Raundi ya kwanza ina mechi 64 za wanaume na 64 za wanawake. Ukifika robo fainali zimebaki nne nne. Kidole kimeshazoea mechi kumi kwa siku, na mechi hazipo. Nimewaona vijana hapa barazani wakati huo ukifika. Wanahamia kwenye mashindano madogo ya miji ambayo hata kwenye ramani hawaionyeshi, wachezaji ambao hawajui kama wanatumia mkono wa kulia au wa kushoto. Na huko chini ndiko uchafu ulipo. Wimbledon 2025, aliyetolewa raundi ya kwanza aliondoka na pauni 66,000, kwa hiyo hana haja ya kumuuzia mtu mechi. Lakini kuna mashindano ambayo zawadi yote, kwa wote pamoja, ni dola 15,000, na anayetoka mapema hapati hata nauli ya kurudi kwao. Mwaka 2023 mahakama ya Ubelgiji ilimfunga mtu miaka 5 kwa kuongoza mtandao uliokuwa ukiwanunua wachezaji wa ngazi hizo, apoteze gemu huyu, apoteze seti yule. Tenisi imeunda chombo kizima cha kuwafukuzia watu hao, na bado kila mara inatangazwa adhabu mpya. Wewe utakuwa unamsoma mchezaji ambaye matokeo yake mtu ameshayalipia.

Sikukatazi kuipenda tenisi. Angella Okutoyi alipotwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili pale Wimbledon mwaka 2022, na yule mwenzake wa Uholanzi, ulipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango, na dau hukuwa nalo hata la senti.

Basi fanya hivi. Nunua daftari. Droo hutolewa Ijumaa kabla ya mashindano kuanza Jumatatu. Kila asubuhi, kabla mechi ya kwanza haijaanza, andika unayemchagua, odi yake kama ilivyo kwenye simu wakati ule, na dau la 500 la kuandika tu. Mikeka pia iandike ukitaka. Lipige picha ukurasa unitumie kabla ya saa saba mchana, ili tusije tukabishana nani alisema nini baada ya mechi. Usifute. Usiku nitajaza mimi malipo na kodi kwa kalamu nyekundu. Zile za kuhisi mechi ikiendelea, nazo nitumie, ila ujumbe uwe umeingia kwangu kabla ya gemu kuanza. Fainali ikiisha tutajumlisha. Ukitoka na faida, tutazungumza tena kabla ya US Open mwishoni mwa Agosti, nami nitakusikiliza; sibishani na daftari. Ila mechi za usiku za kule huanza saa nane za usiku huku kwetu, kwa hiyo hilo nalo ulifikirie.

Hizo 30,000 zipeleke sacco ya kazini kwenu kesho, si wiki ijayo. Na kwenye simu yako ufunge njia ya kukopa kwa M-Pesa, maana anayebeti hela yake huishiwa, na anayebeti mkopo haishiwi mpaka waje kumdai.

Mwisho wa sauti yako ulininong'oneza nisimwambie babako. Sijamwambia. Lakini picha ya daftari isipofika na nikasikia akiba imepungua, nitamwambia siku hiyohiyo, na unamjua, atavuka Likoni kwa feri ya kwanza ya alfajiri kuja kukuuliza mbele ya wageni wenu.

Mamako,
Majengo, Mombasa