Beji ya mwanamwavuli wa Hungaria: ni ya 1941 kweli?

Ndugu, usitume hela kwanza. Umeandika kwamba muuzaji anadai beji hiyo ya askari wa miavuli wa Hungaria ni ya 1941, na pichani juu ya ngao kuna nyota nyekundu. Hapo hesabu haziingiani. Mwaka 1941 Hungaria ilikuwa ufalme usio na mfalme, chini ya mtawala wa muda Horthy, tena upande wa Ujerumani. Nyota nyekundu, alama ya wakomunisti, waivalie wapi?

Mimi huanza na nembo ya taifa kabla ya kutazama bei. Nyundo na suke la ngano ni enzi ya Rákosi, kiongozi wa kikomunisti, 1949 hadi 1956. Ngao ya rangi za bendera yenye nyota juu ni ya kuanzia 1957. Taji lenye msalaba uliopinda lilirudi 1990, ila lilikuwepo pia kabla ya vita, kwa hiyo taji peke yake lisikudanganye.

Kisha omba picha ya mgongo: pini au skrubu, kutu, alama za kuchomelea. Kingo zenye vitundu vidogo vya chuma kilichomiminwa hunitia shaka kwamba ni nakala. Niliwahi kununua moja "ya zamani" kwa picha ya mbele tu. Ilipofika, mgongo uling'aa kama sufuria mpya.

Beji za kikosi cha miavuli cha Meja Bertalan Árpád, aliyefariki kwenye ajali ya ndege Aprili 1941, usinunue bila mtaalamu kuishika mkononi. Na ukizuru Budapest, usiivae hiyo ya nyota hadharani. Sheria yao kuhusu alama za kikomunisti ni kali.